Tani Ishirini na Moja za Karatasi

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na robo asubuhi, ekseli ya nyuma ya trela ilikatika pale Sherikat, pembezoni mwa Juba, hatua chache tu baada ya lami kuisha. Mashine iliyokuwa juu yake ikaserereka kama sabuni juu ya sahani, ikaangukia kibanda cha chakula cha Flavia. Flavia alikuwa ameinama akipuliza moto. Aliyekuwa akiendesha lile lori alikuwa mumewe, Norman.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mengine yote yaliyosemwa baadaye, ofisini, kituoni, na kwenye ile karatasi aliyoletewa asaini, yalisemwa na watu ambao saa nne na robo ya siku ile walikuwa wamekaa kwenye viti.

Asubuhi yenyewe ilianza kwa matope. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na yadi ya kampuni ilikuwa uji mtupu. Norman alifika saa moja, suruali ameikunja hadi magotini, akamkuta Owen, meneja wa usafirishaji, amesimama juu ya tofali moja ili asichafue viatu. Owen alikuwa mtu wa Lira, kaskazini mwa Uganda, amesoma vyuo viwili, na kazini hapo alikuwa na miezi minane. Norman alikuwa wa Masaka, ameishia darasa la nne, na kwenye barabara ya Nimule, ile ya mpakani, alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwao walikuwa na lugha mbili tofauti, kwa hiyo kazini walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake.

"Mzee Norman, leo unapeleka ekskaveta kule machimbo ya mawe. Kabla ya saa sita iwe imeshuka."

"Na trela?"

Owen akanyoosha kidole. Norman akatazama kilikoelekea, akacheka.

"Hiyo? Ya ekseli mbili? Bosi, hiyo ni ya kubeba greda. Hii mnyama inataka ile ya ekseli tatu."

"Ya ekseli tatu iko Nimule, imefuata mabomba. Inarudi Alhamisi."

"Basi tungoje Alhamisi. Mawe ya huko hayawezi kimbia."

Owen alifungua faili aliyokuwa ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Akageuza kurasa mbili, akasoma kwa sauti ili hata mlinzi wa getini asikie. "Uzito wa mashine, tani ishirini na moja. Kibao cha trela, tani thelathini. Thelathini toa ishirini na moja, Mzee?"

"Tisa."

"Ahaa! Umebakiwa na tisa. Unaweza kupandisha na ng'ombe wa mahari juu yake."

Mlinzi akaangua kicheko. Norman alingoja kicheko kiishe. Shule hakuwa nayo, lakini uzito wa mizigo alikuwa nao mgongoni, kwenye kiti, kwenye nyayo za miguu inapokanyaga breki.

"Bosi, hiyo thelathini ya kibao ni pamoja na trela yenyewe. Trela peke yake ni tani nane. Hiyo nane hujatoa. Inabaki ishirini na mbili. Na mashine iko na mafuta tanki nzima, iko na ile ndoo kubwa ya kuchota mawe, iko na tope hii yote kwa miguu. Na hiyo ishirini na moja yenyewe..."

Hapo akakwama, kwa sababu kuhusu hiyo ishirini na moja alijua mengi kuliko alivyotaka kujua.

Miaka miwili nyuma, yeye mwenyewe ndiye aliyeileta ile ekskaveta kutoka Uganda, juu ya trela la ekseli tatu. Pale mpakani wakala wa forodha aliipigia mashine hesabu yake, akaandika tani ishirini na moja, kwa kuwa ushuru wa barabara hukatwa kwa uzito. Hakuna aliyeshtuka. Kwenye njia ile kila mzigo una uzito wa aina mbili, wa barabarani na wa karatasi. Wa karatasi ni wa kuwaonyesha watu wa meza. Wa barabarani dereva anaubeba kichwani. Norman alikuwepo, akaona kalamu inaandika, akacheka pamoja na wengine, wakanywa chai.

Meneja wa wakati ule alijua. Lakini akaondoka, naye hakumwambia mtu. Mashine ikapakwa rangi mpya ya njano, kibao chake cha kiwandani kikafunikwa humohumo, na karatasi ya mpakani ikabaki peke yake ndani ya faili. Kisha akaja Owen, akaifungua faili, akaisadiki. Uongo uliotungwa kwa ajili ya mpakani ukageuka, ukawadanganya wenyewe walioutunga.

"Hiyo karatasi ni ya mpakani, bosi," Norman alisema, akishusha sauti. "Siyo ya kufanyia kazi."

"Maana yake nini? Unataka kusema kampuni iliidanganya serikali?" Owen naye hakushusha sauti hata kidogo. "Sema vizuri basi. Tumwite na askari aje aandike."

Norman akamtazama mlinzi, kisha akalitazama trela.

"Kama unaogopa, sema tu. Dereva mwenzako Robert yupo. Robert hana maneno mengi."

Norman alikwenda kwenye trela. Kama ni kufanya, basi alifanya kama inavyotakiwa. Aliipandisha mashine taratibu, akaisogeza mbele kuliko kawaida ili shingo ya trela na kichwa cha lori vibebe sehemu kubwa zaidi, ekseli zipumue. Akaulaza ule mkono wa mashine hadi ndoo ikakaa chini juu ya mbao. Akafunga minyororo minne, mmoja kila kona, akaikaza mwenyewe, akaipiga teke mmoja mmoja. Mwisho akazunguka nyuma, akainama. Matairi manane yalikuwa yamefura mashavu. Kati ya springi na fremu hapakuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

Owen alimpigia makofi kwa mbali. "Twende kazi, Mzee!"

Alivuka daraja kwa mwendo wa mtu anayebeba mtungi kichwani. Madereva wa bodaboda walimpita wakimtukana kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiganda, wengine kwa vyote viwili. Alipofika Sherikat akapiga honi mara mbili, kama alivyofanya kila alipopita. Kwa kawaida Flavia huinua mwiko, akamtania mbele ya wateja wake: "Huyo anapita, hana hata senti ya kumnunulia mkewe soda!" Siku ile hakuinua kichwa. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua na moto ulikuwa unamsumbua.

Lami ikaisha. Gurudumu la nyuma kushoto likaingia kwenye shimo lililojaa maji. Norman alisikia mlio mmoja tu, mkavu, kama mtu aliyevunja kuni juu ya goti.

*

Walimzika Flavia kwao Masaka. Kisakye, binti yao, akabaki huko kwa bibi yake, na mwezi wa saba Norman akarudi Juba kwa sababu leseni yake ilikuwa Juba, ndani ya droo ya Owen. Imeshikwa kwa uchunguzi, walimwambia. Kila alipokwenda kuuliza uchunguzi umefika wapi, aliambiwa unaendelea. Hakumwona anayeuendesha. Hakuna aliyekwenda kuipima ile mashine. Hakuna aliyepiga picha ile ekseli iliyokatika. Siku moja aliikuta ikitumika kuzuia geti la yadi lisifungwe na upepo.

Mwisho wa mwezi wa nane akapewa bahasha. Karatasi moja, ya Kiingereza, na chini mstari wa kusaini. "Wewe saini tu hapo, Mzee," Owen alimwambia, kwa sauti ya upole aliyokuwa amejifunza tangu msiba. "Tumalize. Urudi kwenye gari lako."

Norman hakusaini. Aliikunja, akaenda nayo Sherikat, kwenye duka la Deqa.

Duka la Deqa lilikuwa limepakana na kibanda cha Flavia, bati kwa bati. Miaka sita wale wanawake wawili walikuwa wakipitishiana chumvi na umbea juu ya ule ukuta, Flavia kwa Kiswahili chake cha Kampala kisichojali sarufi, Deqa kwa chake cha Garissa kilichojali mno. Bati moja la duka bado lilikuwa limebonyea upande ule. Deqa alikuwa amelining'inizia magunia ya mchele, lakini kubonyea kulionekana.

"Soma yote, Mama Sahal," Norman alisema. "Usinionee huruma."

"Huruma sina, nina wateja. Keti." Akavuta miwani kutoka ndani ya buibui, akasoma kimya kwanza, midomo ikicheza. Kisha akaanza upya, akiigeuza kwa Kiswahili kipande kwa kipande. "'Mimi, dereva niliyetajwa hapo juu, nilichagua trela mwenyewe, nikapakia na kufunga mzigo mwenyewe, bila kumshauri msimamizi wangu.'"

"Ati nilichagua?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nilichagua kati ya trela ngapi? Uliza hiyo karatasi. Ngapi?"

"Karatasi haiulizwi, Baba Kisakye, inasomwa. Tulia. 'Mzigo ulikuwa wa tani ishirini na moja na trela lilikuwa na uwezo wa kutosha. Nakubali kwamba ajali ilitokana na uzembe wangu wa kufunga minyororo.' Halafu, ukisaini, unarudishiwa leseni na kazi, na jambo limefungwa."

"Khalas."

"Khalas kwao." Deqa alivua miwani. "Kuna kingine. Jina la Flavia halimo. Wameandika 'mtu mmoja wa kando ya barabara.'"

Norman aliichukua karatasi, akaitazama pale alipoonyeshwa. Herufi hizo hakuweza kuzifuata, lakini aliangalia zinakoanzia na zinakoishia. Zilikuwa nafasi ya vidole viwili.

"Kumi na tisa," alisema. "Miaka kumi na tisa tuko pamoja na huyo mtu mmoja wa kando ya barabara."

Mteja aliingia akitaka sukari nusu kilo. Deqa alimpimia kwenye mizani yake ya mezani, mteja akainamia sindano kuhakikisha haibiwi, akalipa, akatoka. Norman alikuwa anaitazama ile mizani.

"Unaona?" alisema. "Sukari inapimwa. Nusu kilo ya sukari watu wanainamia wanaangalia. Lakini kitu kinachoua mtu, hapana, hiyo tunasoma kwa faili. Hawa wakubwa, Mama Sahal, hawa wakubwa..."

"Hawa wakubwa umewasema tangu ulipofika. Mimi nimekubali, ni wabaya. Sasa? Ukikataa kusaini watasema ni uchungu wa mfiwa. Waletee kitu wasichoweza kubisha. Ile mashine ina tani ngapi, kweli kweli?"

"Inapita thelathini."

"Hiyo unasema wewe. Nani mwingine anasema?"

Norman alifikiri. "Mashine yenyewe inasema. Iko na kibao, hapa chini ya mlango wa opereta. Wamekipaka rangi."

"Basi kikwangue," Deqa alisema, na akamwita mteja mwingine aliyekuwa amesimama mlangoni. "Wewe, ingia, hatugombani."

*

Ekskaveta ilikuwa mtaa wa Hai Mauna, kwenye karakana ya kuchomelea, imenyooshwa ule mkono uliopinda. Norman aliikuta mchana wa siku iliyofuata ikiwa ng'avu, imepakwa rangi tena, kama kitu kisichowahi kumgusa mtu. Kando yake lilikuwa lile trela. Lilelile la ekseli mbili. Ekseli ya nyuma ilikuwa mpya, bado ina grisi ya dukani.

Robert alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori akila muhogo wa kuchoma. Alikuwa dereva wa kutoka Arua, miaka thelathini na kidogo, na tangu msiba alikuwa akimkwepa Norman kwa aibu. Safari hii hapakuwa na pa kukwepea.

"Mzee. Pole tena, Mzee."

"Unaenda nayo wapi?"

"Kulekule, machimbo. Bosi anakuja sasa hivi na karatasi."

"Ile ya ekseli tatu?"

"Imepata kazi ingine." Robert alitazama muhogo wake. "Wamesema hii imetengenezwa, iko sawa."

Norman alikwenda kwenye mashine, akatoa kisu cha mfukoni, akapapasa chini ya mlango wa opereta hadi vidole vikakuta pembe nne za kibao. Akaanza kukwangua. Rangi ya juu ilitoka laini kama ngozi ya maziwa. Ile ya chini ilikuwa ngumu. Mchomeleaji mmoja alifoka, "We mzee, tumepaka hiyo juzi!" kisha akamtambua, akarudi kwenye kazi yake bila neno. Robert alisogea karibu.

Maneno Norman hakuyasoma. Namba alizisoma moja moja, kidole juu ya chuma.

"Tatu. Moja. Mbili. Sifuri, sifuri. Kilo."

"Elfu thelathini na moja na mia mbili," Robert alisema polepole.

"Tani thelathini na moja. Weka trela juu yake, nane. Ni thelathini na tisa. Trela inasema mwisho thelathini, yote pamoja. Hapo hujaweka tope."

Robert aliacha kutafuna.

Gari la Owen lilifika. Akashuka na faili, akaona kisu, akaona rangi imechunwa, akaelewa. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomchoma Norman zaidi, kwamba yule mtu hakukasirika.

"Mzee Norman. Nilijua nitakukuta mahali kama hapa."

"Soma, bosi. Wewe unajua kusoma."

Owen aliinama, akasoma. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma namba tano. Alipoinuka alipangusa mikono ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Hii ni ya kiwandani. Kule Japani. Sisi hapa tunafuata nyaraka zetu. Bima inafuata nyaraka. Polisi wanafuata nyaraka. Mimi nikiandika thelathini na moja leo, nimewaambia wote hao kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo, na niliyepewa faili ni mimi. Mimi sikuandika ile, Mzee. Wewe ulikuwepo ilipoandikwa. Mimi sikuwepo."

"Mimi nilikuambia. Asubuhi ile nilikuambia."

"Ulisema ni ya mpakani. Hukusema thelathini na moja."

"Ungeacha nimalize!" Sauti ya Norman ilipanda hadi moto wa kuchomelea ukazimwa ng'ambo ya yadi. "Uliniambia utaita askari! Mbele ya mlinzi! Ulifanya nichekwe kama mtoto wa shule, ng'ombe wa mahari, unakumbuka? Mke wangu, bosi. Ana jina. Flavia. Herufi sita. Kwenye hiyo karatasi yako pana nafasi ya herufi sita?"

Owen aliangalia chini. "Hilo la jina naweza kurekebisha," alisema.

Norman alitoa ile bahasha. Alikuwa ameibeba ndani ya shati na ilikuwa imelowa jasho. Akaiweka juu ya mguu wa chuma wa ile mashine, bila saini, na juu yake akairudisha kalamu ambayo Owen alimpa ya kusainia.

"Rekebisha yote au usirekebishe kitu."

"Basi leseni inabaki kwangu," Owen alisema. "Na gari sina la kukupa. Unaelewa hilo? Una mtoto wa kusomesha."

"Naelewa."

"Ukitoka hapa na msimamo huo, hakuna yadi ya Juba itakayokuchukua. Siyo mimi. Ndivyo ilivyo."

"Naelewa, nimesema."

Simu ya Owen ililia. Aliichukua bahasha, akaitia ndani ya faili pamoja na mengine, akamwambia Robert apakie upesi, na akaenda kuongea nyuma ya gari lake, mgongo amewapa.

Kwa hiyo Norman alikuwa amebaki bila leseni na bila kazi, akiwa na namba tano kwenye chuma ambazo kesho zingepakwa rangi tena. Alijihisi mwepesi, na hakuupenda wepesi huo. Akamgeukia Robert, aliyekuwa amesimama na ufunguo mkononi, na akaanza kumwambia haraka haraka, kama mtu anayemwachia mwenzake mzigo stendi kabla basi halijaondoka.

"Usipande. Ukilazimishwa, angalia matairi kwanza. Yakifura mashavu, shuka. Pitisha mkono kati ya springi na fremu. Mkono ukikataa kupita, shuka. Usihesabu kile trela linabeba kabla hujatoa uzito wa trela lenyewe. Na karatasi yoyote iliyopita mpakani, usiiamini. Muulize dereva aliyeuleta mzigo."

Robert alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa na dhihaka usoni, wala hasira. Alikuwa kama mtu anayeuliza njia mahali asipopajua.

"Haya yote, Mzee, siku ile uliyajua?"

"Niliyajua."

"Matairi uliyaona?"

"Niliyaona."

Robert alitazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake, akamtazama Owen ambaye bado alikuwa amewapa mgongo, kisha akarudisha macho kwa Norman.

"Sasa, Mzee, kwa nini ulipanda?"